Muulize fundi alikuwa anaogopa nini: namna ya kuangalia makanisa, sanamu na picha za Florence

Mara ya kwanza naenda Florence kule Italia nilizunguka siku nzima, nikapiga picha kama mia tatu, nikarudi sijui nimeona nini. Makanisa yote yalikuwa yanafanana, sanamu zote ziko uchi, picha zote Bikira Maria na mtoto. Mara ya pili nilienda na shemeji yangu, yeye ni fundi ujenzi kwao Moshi, sanaa hajaisoma hata siku moja, na huyo ndo aliyenifungua macho. Tumefika mbele ya kanisa kuu, kila mtu anashangaa na simu juu, yeye kimya, mara ananigeukia, "Shem, sasa hapa wakati wanajenga mirunda ya kushikilia ile kuba waliisimamisha wapi?"

Baadaye ndo nikaja kujua kwamba swali la shemeji ndo lilelile lililowanyima watu wa Florence usingizi miaka na miaka. Toka siku hiyo nikiangalia kitu chochote cha zamani najiuliza swali moja tu: fundi alikuwa anaogopa nini? Maana haya majina magumu yote unayoyasikia kwa waongoza watalii, sijui kontraposto, sijui freska, ukiyachimba unakuta ni dawa ya hofu fulani. Jiwe litakatika, lipu itakauka kabla sijamaliza, shaba itagoma kuyeyuka. Ukiijua hofu, jina linakaa lenyewe kichwani.

Kabla hujatoka nyumbani: kuba ya kanisa kuu inapandwa kwa tiketi yenye saa yake, usipobuku mapema utaishia kuitazama kutoka chini kama mimi mara ya kwanza. Ni ngazi 463 na lifti hamna, kwahiyo mwenye presha au magoti mabovu ajipime mwenyewe. Makumbusho ya Uffizi na Accademia Jumatatu yamefungwa. Makanisani funika mabega. Na beba darubini ndogo hata ya mtoto, kamera ya simu ukiivuta sana inakupa ukungu tu.

Hatua ya 1: anza na tao

Ukishuka tu kwenye treni vuka barabara, kanisa la Santa Maria Novella liko palepale. Ingia, na usikimbilie picha kwanza, simama katikati uangalie juu.

Mawe yanapenda kubanwa, hayapendi kuvutwa. Ukilaza jiwe refu juu ya nguzo mbili kama linta, upande wa chini unavutika na hapo ndo linakatika. Sisi siku hizi tunaweka nondo kwenye linta mambo yanaisha, Wagiriki wa kale kwenye mahekalu ya mawe waliamua kusogeza nguzo karibukaribu, ndo maana mahekalu yao ni msitu wa nguzo. Tao linaondoa hiyo hofu kabisa kwa sababu kila jiwe linabanwa na jirani zake, hakuna linalovutwa. Ila linaleta hofu nyingine, tao linasukuma nje kwa pembeni, muda wote, usiku na mchana, linataka kutanua miguu kama mtu aliyesimama kwenye tope la utelezi.

Sasa angalia matao ya humo ndani yana ncha juu, sio duara. Hiyo ndo alama ya Gothiki, mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya zama za kati. Tao la ncha linasukuma pembeni kwa nguvu ndogo kuliko la duara, na unaweza kuliinua bila kulipanua. Ufaransa walienda mbali zaidi, Notre-Dame ya Paris ina mikono ya mawe nje inayoegemea ukuta kama miti ya kuzuia nyumba isidondoke. Florence hawakuipenda hiyo mikono, ukizunguka nje utaona.

Halafu angalia nguzo kuelekea altareni, kadiri unavyokwenda mbele nafasi kati ya nguzo na nguzo inapungua. Jicho linadanganyika kanisa ni refu kuliko lilivyo. Shemeji alipima kwa hatua zake kwanza ndo akakubali.

Ukipata muda vuka mto uende kanisa la Santo Spirito la Brunelleschi, huyohuyo aliyejenga kuba ya kanisa kuu, ulinganishe. Kule matao ni duara na nguzo zina majani kichwani, walikuwa wanarudi makusudi kwenye mambo ya Warumi. Vichwa vya nguzo usivisomee sana: kikiwa kama sahani tupu ni Doriki, kikiwa na mizunguko miwili kama pembe za kondoo dume ni Ioniki, kikiwa kama tenga la mboga za majani ni Korintho. Na ile nguzo bapa iliyobandikwa ukutani haibebi kitu cha maana, kazi yake kubwa ni urembo, inaitwa pilasta.

Hatua ya 2: bado uko Santa Maria Novella, tafuta ukuta wa kushoto

Iko picha ya Utatu Mtakatifu ya mchoraji Masaccio, ya mwaka 1427 hivi. Hii ni freska, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani freska ni picha yoyote ya ukutani, sio.

Freska ni kuchora juu ya lipu mbichi ya chokaa. Watu wa pwani chokaa wanaijua, unachoma mawe kwenye tanuri, unapata chokaa kali, unaizima kwa maji inachemka yenyewe bila moto. Ile chokaa iliyozimwa ukiipiga ukutani na mchanga inaanza kuvuta hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe. Sasa fundi anachanganya unga wa rangi na maji matupu, bila gundi, anapaka wakati lipu bado mbichi, na chokaa ikigeuka jiwe inaifungia rangi humohumo. Yaani rangi haiko juu ya ukuta, rangi ni sehemu ya ukuta.

Hofu yake unaiona: saa. Lipu ikishakauka imekula kwako. Kwahiyo anapiga lipu ya mwisho kipande kidogo tu, kile anachoweza kukimaliza siku hiyo, Waitaliano wanaita giornata, yaani kazi ya siku. Anaanzia juu kushuka ili matone yasichafue kazi iliyokwisha. Kesho anapiga kipande cha pembeni. Na hapo kati kunabaki mshono. Toa darubini yako utafute mstari mwembamba unaozunguka kichwa au bega la mtu, uso mmoja mara nyingi ni siku nzima, anga kubwa tupu nalo linaweza kuwa siku moja tu. Ukishauona mshono mmoja utaanza kuiona yote na hutaweza kuacha, nakuonya.

Kingine kwenye hiyo picha, simama katikati yake, rudi nyuma mita kadhaa. Ukuta unatoboka, unaona chumba kimeingia ndani na dari ya duara yenye viboksi. Hiyo ndo perspektivu, mistari yote inayokwenda ndani inakutana kwenye nukta moja, na Masaccio aliiweka chini ya msalaba, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Alipiga msumari akavuta uzi akakwaruza mistari kwenye lipu mbichi, baadhi ya mikwaruzo bado ipo. Shemeji alivyoiona alicheka, "Huyu kapiga uzi kama sisi tunavyopiga kozi ya kwanza."

Kulikuwa na waliotaka kuikwepa saa ya lipu. Leonardo da Vinci kule Milan kati ya 1495 na 1498 alichora Karamu ya Mwisho kwenye ukuta mkavu, alikuwa mtu wa kubadilisha mawazo, anachora leo anafuta kesho, freska isingemvumilia. Matokeo yake picha ilianza kubanduka mwenyewe bado yuko hai. Mfano mwingine uko hapahapa Florence, kanisa la Carmine, Masaccio huyohuyo amechora Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini wakiwa uchi, karne ya 17 kuna watu wakaona aibu wakawavisha majani, lakini majani yalipakwa juu ya ukuta mkavu, kwahiyo usafishaji wa miaka ya 1980 ukayaondoa na miili ikabaki salama. Aibu ilitoka, chokaa ikabaki.

Hatua ya 3: kuba, na jibu la shemeji

Kanisa kuu lilianza kujengwa 1296. Walijenga kuta wakaacha tundu la pembe nane juu, upana wake unakaribia mita 45, na hakuna mtu aliyejua namna ya kulifunika. Kawaida tao au kuba unajenga juu ya fomu ya mbao, ukimaliza unaibomoa. Hapa mbao za urefu na wingi huo za kutoka chini zingetoka wapi.

Filippo Brunelleschi akasema hahitaji fomu ya kutoka chini. Kazi ilianza 1420 ikaisha 1436, bado ule mnara mdogo wa juu. Alifanyaje? Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, katikati kuna nafasi, ndo hiyo unayopanda ngazi. Tofali zaidi ya milioni 4. Na hizo tofali hakuzilaza tu kozi kwa kozi, yaani mstari juu ya mstari, kila baada ya tofali kadhaa zilizolala anasimamisha moja wima, mstari wa zile za wima unapanda kwa mshazari kama mifupa ya samaki. Hofu ilikuwa kwamba kadiri kuba inavyoinamia ndani tofali mbichi zitateleza zimwangukie fundi, ile ya wima inazibana zilizolala mpaka kozi ifunge mzunguko, na kozi ikishafunga haiwezi tena kuanguka ndani maana kila tofali linabanwa na mwenzie. Ukifika katikati ya ngazi angalia ukutani, kuna sehemu tofali ziko wazi utaiona hiyo mifupa kwa macho yako. Shemeji alizuia foleni hapo, watu nyuma wanaguna, yeye anapitisha kidole.

Na kule kutanua miguu? Alificha mikanda ndani ya kuba, mawe yaliyofungwa kwa chuma, na mmoja wa mbao, kama pete za pipa. Bado kuba ina nyufa, wanazipima mpaka leo, lakini imesimama.

Nisisahau, kuba sio mali ya Ulaya. Kilwa Kisiwani wajenzi wetu walishafunika sehemu ya msikiti mkuu kwa kuba za mawe ya matumbawe na chokaa tangu karne ya 14. Ndogo zaidi, sawa, ila hofu ni ileile.

Uso wa mbele wa kanisa, ule wa marumaru nyeupe, kijani na pinki ambao kila mtu anapigia selfi, ni wa karne ya 19. Usipoteze muda sana hapo.

Hatua ya 4: milango ya dhahabu

Jengo la pembe nane mbele ya kanisa ni la ubatizo. Mwaka 1401 kulikuwa na mashindano ya kutengeneza milango yake, waliobaki mwisho ni Brunelleschi na Lorenzo Ghiberti, akashinda Ghiberti. Vibao vyao vya majaribio vipo makumbusho ya Bargello na ukivitazama nyuma unaelewa kitu, cha Ghiberti kimemiminwa karibu chote kwa kipande kimoja na ni chepesi kwa kilo kama 7. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ilikuwa ghali. Mteja ni mteja. Na Brunelleschi aliyeshindwa ndo huyo akaja kutengeneza kuba, kwahiyo usikate tamaa na tenda.

Milango inayojaza watu ni ile ya pili ya Ghiberti, 1425 mpaka 1452, vibao 10. Ya nje ni nakala, ya kweli iko kwenye makumbusho nyuma ya kanisa, mafuriko ya Novemba 1966 yaling'oa baadhi ya vibao. Hapa jifunze neno rilifu, yaani mchongo uliotokeza kwenye ubao, kama nakshi za milango ya Zanzibar. Angalia kibao kutoka pembeni, sio kutoka mbele: watu wa karibu wametokeza mpaka vichwa vinakaribia kuwa sanamu kamili, wa nyuma wamekwaruzwa tu, kina chake kama sarafu. Ukirudi mbele unaona umbali wa kilomita nzima.

Dhahabu yake ilipakwa kwa zebaki. Unachanganya dhahabu na zebaki inakuwa kama uji, unapaka, unachoma, zebaki inapaa dhahabu inabaki. Wachimbaji wadogo wa Geita hii habari hawahitaji kuhadithiwa, na madhara yake pia.

Hatua ya 5: sanamu za bure

Nenda Piazza della Signoria, kuna baraza kubwa la matao, hulipi senti. Kaa uangalie sanamu mbili.

Ya kwanza Perseo, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ya Benvenuto Cellini, ya bronzi, ilimalizika 1554. Amenyoosha mkono mbele ameshika hewani kichwa cha Medusa, yule jini mwanamke aliyemuua. Jaribu kuwaza mkono huo kwa marumaru, na hapa nasema marumaru jiwe la mlimani, sio tailizi za sebuleni. Ungekatika. Bronzi inavumilia kwa sababu ni madini ya kumiminwa, na ndani ni tupu. Namna yake: unafinyanga kiini cha udongo, unakivisha nta, unachonga nta mpaka ukucha wa mwisho, unafunika na udongo tena ukiacha mirija, unachoma nta inatoka, unamimina bronzi palipokuwa na nta. Kalibu unaivunja kabisa, ukikosea unaanza upya.

Cellini mwenyewe alisimulia, na jamaa alikuwa wa kujisifu sana kwahiyo pokea kwa kipimo, kwamba siku ya kumimina alikuwa kitandani na homa, akaambiwa madini yanaganda tanurini, paa linashika moto, akaruka akatupia humo sahani na mabakuli ya bati ya nyumbani kwake yote, kama 200, ndo ikatiririka. Bati inasaidia mchanganyiko kuyeyuka. Vidole vya mguu wa kulia tu ndo havikujaa.

Ya pili ni ya Giambologna, watu watatu wamesokotana, mmoja juu ya mwingine, jiwe moja, 1583. Hii izunguke. Haina mbele wala nyuma, kila hatua unaona sura nyingine.

Hatua ya 6: Accademia, na usikimbilie Daudi

Siku ya pili asubuhi. Ukiingia ukumbini, sanamu ya Daudi, yule wa Biblia aliyempiga Goliathi, utaiona mwisho kabisa inang'aa, watu wanapita kila kitu wakiifuata. We simama kwenye ukumbi, pande zote mbili kuna sanamu za Wafungwa za Michelangelo, aliyechonga pia huyo Daudi, ambazo hazikumalizwa, miili imetoka nusu ya jiwe. Hapo ndo darasa. Sogea. Kuna mashimo na mifereji mikavu, hiyo ni patasi ya ncha moja, ya kuondoa mawe mengi haraka. Kuna mistari sambamba kama umepitisha uma kwenye ugali wa moto, hiyo ni patasi ya meno, inafuata umbo la msuli. Palipo laini ni tupa. Mchongaji wa Makonde na mpingo wake ana hofu hiyohiyo, ukishatoa huwezi kurudisha.

Sasa nenda kwa Daudi. Mita 5 na sentimita 17. Jiwe lake lilikuwa la machimbo ya marumaru ya Carrara, mtu mwingine alilianza mwaka 1464 akaliacha, likakaa nje linapigwa mvua mpaka 1501 Michelangelo akalichukua, ana miaka 26, akamaliza 1504. Jiwe jembamba, lililoshaharibiwa. Angalia uzito: mguu wa kulia umebeba, wa kushoto umelegea, kwahiyo nyonga imepanda upande mmoja na bega limeshuka upande huohuo. Hiyo ndo kontraposto, na ukitaka kuielewa simama kama unasubiri daladala muda mrefu, mwili utajipanga wenyewe. Halafu angalia nyuma ya mguu unaobeba, kuna kisiki cha mti. Daudi hakuwa na shida na kisiki, jiwe ndo lilikuwa na shida, tani zaidi ya 5 juu ya vifundo viwili vya miguu. Toka siku hiyo shemeji kila sanamu ya marumaru anatafuta kisiki kwanza, na karibu kila mara anakipata, kama sio kisiki basi nguo inayoburuza au mnyama.

Hatua ya 7: Uffizi, yai na mafuta

Hapa usijaribu kumaliza vyumba vyote, chukua vinne vitano.

Vyumba vya mwanzo, Giotto na wenzake, 1300 na kitu, mbao zenye anga la dhahabu. Rangi imechanganywa na kiini cha yai, inaitwa tempera. Yai linakauka upesi mno, huwezi kuchanganya rangi ubaoni, kwahiyo kivuli kinajengwa kwa vistari vyembamba kimoja kimoja kama nywele. Sogea uvione. Nyuso za zamani hizo utakuta zina ukijani, sio ugonjwa, walipaka kijani chini ya ngozi kwanza na pinki ya juu imechakaa. Na palipochubuka dhahabu unaona wekundu, ni udongo uliowekwa chini yake ili mng'ao wa dhahabu usiwe wa baridi. Venus wa Botticelli, 1485 hivi, naye ni tempera lakini juu ya turubai, ndo maana hana giza, ana mistari.

Kisha tafuta picha kubwa ya Hugo van der Goes iliyofika mwaka 1483 kutoka kaskazini mwa Ulaya. Rangi ya mafuta ya kitani. Mafuta hayakauki kama maji, yanashikana na hewa polepole, siku kwa siku, kwahiyo fundi ana muda wa kulainisha. Angalia glasi ya maua chini pale mbele, unaona maji ndani yake. Yai lingehangaika. Leonardo akauchukua huo muda akautumia kuufuta kabisa ule mpaka ulioko kati ya mwanga na kivuli, ndo sfumato, neno linalotokana na moshi. Mchoraji Caravaggio akafanya kinyume, taa moja ya pembeni na giza lililobaki lote, na Artemisia Gentileschi akaichukua hiyo kwenye picha yake ya Yudithi wa Biblia anamkata kichwa Holoferne, mwaka 1620 hivi, damu mpaka kwenye shuka. Neno ni kiaroskuro.

Ila mafuta yana hofu yake, muda ukiwa mwingi kazi haiishi. Tafuta Ujio wa Mamajusi wa Leonardo. Alipewa kazi na watawa mwaka 1481, akachora, akaweka vivuli vya kahawia, halafu akahamia Milan. Imebaki hivyo, unaona michoro ya chini yote, farasi, ngazi za magofu zilizopigwa rula. Watawa wakasubiri weee mpaka wakamtafuta Filippino Lippi, akawamalizia yao mwaka 1496, nayo iko Uffizi.

Shemeji alisimama hapo kuliko mahali pengine popote, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuko msibani, "Shem, na advansi alirudisha?"